Siku Mtani Wangu Aliponipa Pole

Nywele zangu zimeanza kuota tena. Ni laini kama za mtoto mchanga, na watoto wangu wa darasa la kwanza hawaachi kuzitazama. Mmoja aliniuliza mwalimu umenyoa kwa nini, nikamwambia nimeambukizwa chawa kwa sababu ya kukaa karibu naye. Darasa zima likacheka, nami nikapata nafasi ya kugeukia ubao na kufuta macho.

Naandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye sasa hivi yuko kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, na kila mlango unapofunguliwa anainuka kidogo akidhani ni zamu yake. Wengi wameniambia nikiandika nimtie moyo. Moyo wa kumgawia sina, huu wangu wenyewe haunitoshi. Ninachoweza ni kumweleza ilivyokuwa kwangu, ili asidhani ni yeye peke yake aliyerukwa na akili.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Ukonga na mume wangu, Baba Kabula, na binti yetu Kabula, ambaye mwaka ule alikuwa kidato cha pili. Ukuta wetu umepakana na wa Mwanaidi. Mwanaidi ni Mzaramo, mjane wa rika langu, anakodisha maturubai na viti vya harusi na misiba. Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, na utani huo si masihara ya kupita. Mtani ana haki ya kukusema mbele za watu na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukiumwa anakuja kukuuliza unakufa lini. Ukifa anakuja msibani kwako, anavaa nguo zako, anaigiza ulivyokuwa unatembea na ulivyokuwa unagomba, mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Hiyo ni kazi yake, na asipoifanya watu wanashangaa.

Uvimbe niliugundua bafuni, wakati mvua za vuli zinaanza. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, kitu kigumu kama kokwa ya zambarau, hakiumi. Nilijiambia ni mambo ya mwezi, yatapita. Mwezi ukapita, kokwa ikabaki. Zahanati ya karibu wakanituma hospitali kubwa ya mjini, na huko, baada ya kupanga foleni kwenye madirisha ambayo sasa nayajua kuliko vyumba vya nyumba yangu, wakanikata kinyama cha kwenda kupimwa. Nesi aliandika namba yangu ya simu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na namba ya ndugu. Majibu yakitoka utakuja na ndugu."

Nikampa namba ya Baba Kabula.

Maneno hayo, uje na ndugu, wanawake wa benchini wanayajua kuliko wenye kuyasema. Nilipotoka nilikaa kidogo nipumue, na mama mmoja wa Mbagala aliyekuwa kando yangu akaniuliza nimeambiwaje. Nikamweleza. Akafunga vizuri kitenge chake, kisha akanifahamisha kwamba pale mwenye majibu mazuri anaambiwa hukohuko kwenye simu, au anaambiwa apitie tu mwenyewe. Ndugu anaitwa wa nini? Wa kukushika. Nikamwambia labda ni utaratibu wao kwa kila mtu. Akasema, "Labda, mwanangu." Yeye mwenyewe alikuwa amekuja na ndugu wawili, na wote walikuwa wamesimama dirishani wanatazama nje.

Basi kabla hata kinyama hakijafika kwenye hadubini, mimi nilishajihukumu. Nilirudi Ukonga nikiwa marehemu anayetembea.

Watu hudhani kusubiri ni kukaa. Kusubiri ni kazi, tena kazi ya mwili. Mdomo ulinikauka mpaka nikawa naingia darasani na chupa ya maji. Chakula kikapoteza ladha, ugali na wali vikawa kitu kimoja. Kila nilipokuwa peke yangu nilishika ule uvimbe kuangalia kama umekua, na kila siku niliona umekua. Mkono wangu wa kulia ukazoea kwenda kwapani kushoto bila mimi kuutuma. Nikiweka chaki chini tu, mkono umeshafika. Watoto wakaanza kuniiga, wakidhani ndivyo walimu wanavyosimama.

Adui mkubwa alikuwa simu. Ikilia, moyo unakwenda mbio kabla sijaona jina. Kampuni ya simu inatuma tangazo la bando, mimi jasho linanitoka. Nikaanza kuificha kabatini chini ya khanga ili nisiisikie, halafu naikimbilia kuitazama kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Wasipopiga, nasema majibu ni mabaya, ndiyo maana wanasita. Siku moja namba ngeni iliita nikiwa ofisi ya walimu, mikono ikakataa, nikampa mwenzangu apokee. Ilikuwa ni mtu anauliza mchele umefika au bado. Alikuwa amekosea namba. Nikaenda chooni nikatapika.

Mtaani na kanisani kila mtu alikuwa na dawa yake. Subira yavuta heri. Mungu hampi mja mzigo asiouweza. Wanajumuiya walikuja kusali, wakaimba vizuri, wakanywa chai, na mama mmoja akanishika bega akaniambia ameoteshwa kwamba sina kitu. Niliitikia amina kwa sababu nimelelewa vizuri. Moyoni nilikuwa nimekasirika. Matumaini sikuwa nayo hata kidogo, na nilichoka kujifanya ninayo kwa faida yao.

Nikaanza kujizika taratibu. Nilimwonyesha Kabula vyeti vilipo, na kitenge kipi apelekewe bibi yake Tabora. Nikamfundisha kupika samaki wa nazi anaowapenda baba yake. Katikati ya kupika aliweka mwiko chini akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Nikamwambia siendi popote, akoroge nazi isikatike. Alikoroga kweli, lakini tangu siku hiyo akawa ananifuata kila chumba ninachoingia, na hilo nalo likanichosha, nikamfokea.

Na mume wangu tukawa tunagombana. Baba Kabula ni fundi wa kuchomelea mageti huko Chang'ombe, mtu wa maneno machache. Tuligombana kwa ajili ya taa, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya chumvi. Yeye alisema majibu yenyewe hayajatoka, sasa nalia nini. Mimi nilisema yeye hajui lolote kwa sababu mwili si wake. Alikuwa anavaa viatu na kutoka, anakwenda kukaa kibarazani, na mimi nabaki ndani nikimchukia kwa kuwa mzima.

Mtu pekee niliyemvumilia siku zile alikuwa Mwanaidi. Kila nikirudi kutoka shule, kabla sijafungua geti, sauti yake inapanda juu ya ukuta, ikiniita mpagazi kama babu zetu waliobebea misafara mizigo.

"We mpagazi, bado upo tu? Turubai lako nimeshalifua, linakauka kwenye kamba. Usije ukaniangusha."

Nami namjibu kwamba atatangulia yeye, na wala hatapata pa kuzikwa, maana shamba la babu yake Wazaramo walishaliuza na pesa wakazichezea ngoma. Anacheka mpaka anakohoa. Siku nyingine ananiambia hata wafungwa wa hapo gereza la Ukonga wana tarehe zao za kutoka, je, mimi Mnyamwezi tarehe yangu lini, kuna watu wa harusi wanataka viti na yeye hajui awajibu nini. Kuna asubuhi nilishindwa kuamka kwenda kazini. Aliingia mpaka chumbani bila hodi, akavua khanga moja ya mabegani na kuanza kupima nayo upana wa chumba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapima kama jeneza litakata kona. Kisha akaokota nguo zangu chafu zote akaenda kuzifua, huku akiutangazia mtaa mzima kwamba Wanyamwezi ni wachafu.

Aliahidi pia kwamba siku yangu ikifika atavaa lile gauni langu la kijani na kuwaigizia watu mwalimu anavyotembea. "Wee, watakufa na wao," alisema.

Sijui kama nitaeleweka. Wote wengine walikiogopa kifo changu, wakanong'ona kando yake. Mwanaidi alikisema kwa sauti, mchana, mbele ya kuku, na kwa muda mfupi kikawa kitu kidogo cha kuchekwa. Baadaye kilirudi kuwa kikubwa, lakini nilikuwa nimepumua.

Sikuwa naomba kupona. Nataka hili lieleweke, maana watu husema mgonjwa anataka kupona. Nilichotaka mimi ni kujua. Niambiwe ndiyo au hapana, nijue nalia nini.

Krismasi ilipokaribia na shule zikafungwa, mume wangu akabadilika. Aliacha kugombana. Akawa anarudi mapema, mkononi ana matufaha mekundu ya mjini ambayo nyumbani kwetu hayaliwi ovyo. Akawa ananiuliza nimekula, nimelala, nikae upande gani feni inifikie. Halafu akaja wifi yangu Justina, dada yake mkubwa anayeishi Goba, ambaye hajawahi kufika Ukonga bila kualikwa. Akaja na begi la nguo. Akateka jiko. Nilimkuta ameegemea friji, macho mekundu, akasema ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu jikoni siku ile.

Nikamuuliza Baba Kabula habari ya majibu. Akasema bado, mashine imeharibika, fundi wake amesafiri, na hata daktari mwenyewe yuko Dodoma kwenye semina.

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Mtoto aliyefanya kazi ya nyumbani anasema nimefanya, basi. Ambaye hajafanya ndiye anayekueleza habari za mvua, na za mbuzi aliyekula daftari, na za bibi aliyekuja kutoka Kilosa. Niliusikia uongo wa mume wangu tangu kwenye fundi aliyesafiri, na nikauacha upite. Hapo ndipo nilipojua kwamba nataka kujua na papo hapo sitaki. Nikala tufaha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nachambua mchele. Geti likafunguka taratibu, Mwanaidi akaingia. Hakupiga kelele ukutani. Alikuwa amevaa baibui lake zuri, la kwendea kwenye shughuli za watu, na mkononi ana bakuli la uji wa ulezi lililofunikwa kwa sahani. Akaliweka kwenye kigoda mbele yangu.

"Pole, dada," akasema. "Mungu atakusaidia."

Nilidhani ni mwanzo wa utani. Nikasubiri mwisho wake, nimeshaanza kutabasamu. Hakuna kilichofuata. Alisimama pale, mikono ameikunja mbele, kama mgeni. Nikamjaribu, nikamwambia baibui hilo kaiba msiba wa nani. Akainamisha kichwa.

Nawaambia kweli, daktari alikuja kunisomea majibu yangu baadaye, lakini mimi niliyasoma kwenye kichwa cha Mwanaidi kilichoinama.

"Umeambiwa nini?" nikamuuliza.

"Sijaambiwa kitu, dada."

"Dada! Mimi dada yako tangu lini?"

Akaanza kulia bila sauti. Nikamwambia akae. Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, na baibui lake zuri.

"Nimekatazwa kukutania," akasema.

"Na nani?"

"Na wifi yako. Kaniita juzi. Kasema niache, kasema hali yenyewe sasa siyo ya utani." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mie nikamwambia shoga, huyu tukiacha kumtania si ndiyo atajua? Hakunielewa. Wachaga wale."

Mume wangu ni Mchaga. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Hivyo ndivyo siri ilivyovunjika, baada ya kulindwa na watu wazima kwa matufaha na machozi ya jikoni. Walikumbuka kufunga kila mlango, wakafunga na mdomo wa mtani. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani.

Baba Kabula aliporudi alinikuta nimekaa palepale, mchele haujachambuliwa. Alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, jambo ambalo huwa halifanyi, akakaa kwenye ngazi, akaanza kunieleza. Hospitali walikuwa wamempigia yeye. Alikwenda na dada yake. Daktari aliwaambia wazi kwamba ni kansa, na kwamba wanilete mapema matibabu yaanze, na wifi akaomba wapewe muda wa kuniandaa. Mama yao aliambiwa ugonjwa wake Jumatatu, wakamzika kabla wiki haijaisha. Tangu hapo wifi anaamini kwamba mtu hauawi na ugonjwa, anauawa na habari. Walipanga nile Krismasi kwanza.

"Nilikuwa sijui nianzie wapi," mume wangu akasema. "Kila siku nilikuwa naanza."

Nilikasirika, tena sana. Wiki zile zote nilizokauka mdomo, nilizotapika kwa simu ya mchele, nilikuwa nasubiri kitu ambacho mwishoni kilikuwa kimeshafika, kiko ndani ya nyumba yangu, kinakaa mezani na sisi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Wifi alitoka jikoni akapiga magoti, akaniomba msamaha kwa Kichaga na kwa Kiswahili, nami sikumjibu kwa lugha yoyote.

Lakini kuna jambo moja la ajabu. Walipomaliza kusema, mdomo wangu ulipata mate. Nikahisi njaa. Uji wa Mwanaidi ulikuwa bado kwenye kigoda, umepoa na umefanya utando juu. Niliunywa wote, na nilisikia ladha ya ulezi, na ndimu, na sukari iliyozidi.

Krismasi ile tulikula pilau bila kusemeshana. Mwaka mpya ulipoanza ndipo na mimi nilipoanza dripu za dawa ya kansa.

Kiangazi kile kwangu ni dripu ya kwanza na ya pili. Ya kwanza ilinidanganya, nikarudi nyumbani nikafagia uwanja. Ya pili ilinilaza. Nywele zilitoka bafuni, mafungu mazima, na Kabula akanimalizia kwa wembe, kisha akanipaka mafuta kichwani kama nilivyokuwa nampaka yeye. Kucha zikawa nyeusi. Harufu ya samaki wa kukaanga ya majirani ikawa adhabu. Masika yalipoharibu barabara yetu na bodaboda zikakataa kuingia, Baba Kabula alinibeba mgongoni mpaka lami, kwenda dripu ya nne. Nilimwambia Mnyamwezi ndiye mpagazi, leo mambo yamegeuka. Tulicheka kidogo, na hapo ndipo nilipomsamehe, bila kumwambia. Mwisho wa mvua wakaniondoa titi. Mkono wa kulia bado unakwenda palepale, unakuta bapa, unarudi.

Sikumuuliza daktari kama siku zile nilizofichwa zingebadilisha kitu. Yeye naye hakusema. Mama wa Mbagala sikumwona tena benchini, na yeye pia sikumuulizia.

Katika miezi yote hiyo ukuta ulinyamaza. Mwanaidi aliona aibu, aliona kama ni yeye aliyeniletea ugonjwa kwa mdomo wake. Alileta uji kwa mkono wa Kabula. Tukikutana njiani ananiambia pole, na mimi nasema nishapoa, halafu kila mtu anaangalia chini. Nilikuwa na watu wengi wa kunihurumia, sikuwa na hata mmoja wa kunitukana. Upweke ule siwezi kuueleza.

Sasa dripu zimekwisha na watu wananipongeza. Wanasema mabaya yamepita. Nami nimekubali kuandika hivyo, kwa sababu ni kweli kwamba yale ya kwanza yamepita, na nywele zinaota, na nimerudi darasani. Ila kwenye kipimo cha mwisho wameona kivuli kwenye ini. Wamekata kinyama tena. Nesi mwingine, dirisha jingine, maneno yaleyale: majibu yakitoka, uje na ndugu.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwanaidi. Nilimkuta uani kwake ametandaza maturubai juani, anayasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono, na nikaona anatafuta neno la heshima. Nikamwahi.

"Nimekuja kukagua turubai langu."

Aliitazama miguu yangu juu ya turubai. Midomo ikamcheza.

"Hilo unalolikanyaga siyo lako," akasema. "Lako lile pale, lenye viraka. Mnyamwezi hapewagi jipya, atafungia mizigo."

Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nikamweleza habari ya ini. Nikamwambia nimeagizwa ndugu, na nimeandikisha namba yake.

"Mie siyo ndugu yako."

"Ndiyo maana. Ndugu zangu wananihurumia."

"Na yakiwa mabaya?"

"Yatakuwa mabaya. Utaniambia hapohapo, kwa mdomo wako huo mchafu."

Akalia, nikamwacha alie. Wewe uliyeko benchini, kama kuna la kushika kwangu basi ni hili: ndugu wa kwenda naye mchague mwenyewe, na chagua asiyekuogopa. Zaidi ya hapo sina, naogopa kama wewe. Simu ipo hapa mezani ninapoandika, na imeita mara mbili, na mara mbili zote nimeushika kwanza mkono wangu usiende kwapani.

Mwanaidi alipomaliza kulia nilimkumbusha ahadi yake ya kuniigiza. Nikamwambia siku hiyo mimi sitakuwepo kuona, anionyeshe sasa.

Alikataa. Kisha akajifunga khanga vizuri, akasimama, akawa mimi. Alitembea shingo mbele, upesi upesi, kama ninavyopita katikati ya madawati. Akakigombeza kiti kingine cha plastiki kilichoandika herufi b kinyume. Halafu akakaa, brashi mapajani badala ya mkoba, mgongo haugusi kiti. Akatega sikio. Akainuka kidogo, kana kwamba mlango umefunguliwa, akakaa tena. Akalamba midomo. Akatoa simu isiyokuwepo, akaitazama, akairudisha, akaitoa. Hajawahi kwenda na mimi hospitali hata siku moja. Yote hayo aliyaona juu ya ukuta.

Kabula alikuwa amesikia kelele akachungulia, na nilimwona anacheka huku amejiziba mdomo na machozi yanamtoka. Mimi nilicheka mpaka kidonda kikavuta. Na katikati ya kucheka nilimwona yule mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti, jinsi alivyo na hofu, na kwa mara ya kwanza tangu vuli nilimwonea huruma.

Mwanaidi alikuwa ameuficha mkono wa kushoto kwenye kwapa la kulia.

"Umekosea," nikamwambia. "Mkono wa kulia, kwapa la kushoto."

Akabadilisha. "Hivi?"

"Hivyohivyo. Na siku hiyo usije ukasahau."